Matanga ya Jimbo Letu

Niliondoka kwa sababu jimbo letu lilikuwa linakufa. Ni jimbo la Bunge la Ulaya, huku Uingereza ninakoishi. Lilizaliwa mwaka 1979, na sasa, mwaka 1999, majimbo madogo yanafutwa na sisi tunamezwa na mkoa. Tawi la chama lilinituma Brussels nikaichukue historia yake kwa mbunge wetu wa mwisho. Nilikubali upesi. Humo ndimo nilimopiga kura mara ya kwanza maishani, na sikupenda lizikwe kama paka.

Jioni basi lilinishusha Brussels, nikafikia mtaa wa Saint-Josse kwa Maman Furaha, msusi kutoka Bukavu, Kongo, rafiki wa dada yangu. Nilipomweleza kilichonileta alinipa pole, akatwaa kikapu, akanipeleka kwenye maduka ya Waafrika ya Porte de Namur kutafuta sombe, kisamvu cha kwao.

“Muntu iko na kilio, unamufikia mikono mitupu? Non, tonton.”

Nilimweleza kwamba kilichokufa ni mpaka kwenye ramani. Akauliza kama mbunge atapoteza kazi. Nikasema huenda, maana chama kimemweka mkiani mwa orodha ya wagombea.

“Bon. Basi ni kilio,” akasema, akachagua majani.

Asubuhi tulibeba sufuria ya sombe iliyopikwa hadi mtaa wa ofisi za Ulaya. Mlinzi wa Bunge aliipitisha sufuria kwenye mashine ya ukaguzi, akaturudishia. Mbunge, mzee mwembamba, alikuwa amejiandalia majibu ya maswali yangu. Maman Furaha hakumpa nafasi. Kwao mfiwa hahojiwi. Watu huketi naye tu. Tukaketi. Niliona aibu, nikatamani ardhi ipasuke. Mbunge alitazama saa, akatazama dirisha, mwisho akavua miwani akala sombe. Ndipo Maman Furaha alipouliza, nami nikatafsiri:

“Papa, batu yako kule balilia?”

“Mama, wengi hawakujua kama jimbo lipo.”

Macho yake yalikuwa mekundu. Alisimulia hadi mchana, na yale majibu aliyoyaandaa hakuyagusa.

Njiani kurudi nilihuzunika kweli, kama niliyetoka makaburini. Nilijifunza kwamba mfiwa asipohojiwa husema yote.

Tawini niliisoma historia nzima, tangu kuzaliwa hadi kufutwa. Wanachama walipiga makofi ya adabu. Kisha jirani yangu mmoja, mzee wa pale pale, akanyoosha mkono kuuliza jimbo hilo lilikuwa wapi.

“Mzee,” nikamwambia, “umeishi ndani yake miaka ishirini.”