Wawili Wanaoficha Mguu

Majina yao ninayo yote kichwani, ya watu na ya farasi, lakini wenyewe walishazikwa, wacha niwaache walale. Nitasema tu mume wangu, na senge, yaani dada ya baba yangu.

Mume wangu alikuwa saisi, mtunza farasi, kwenye shamba la mzungu kule Endebess, wakati wa vita vya pili vya dunia. Kazi yake kubwa haikuwa kusugua farasi. Ilikuwa kujua farasi ameanza kuumwa mguu kabla bwana hajajua. Bwana akipanda akakuta farasi anachechemea, saisi alilazwa kifudifudi nje ya zizi, akachapwa kiboko mpaka suruali inashikamana na nyama. Akitoka hapo alikuja kwangu na mpini wa jembe. Kwa hivyo hata mimi nilitaka mguu wa farasi uonekane mapema.

Asubuhi nilishika kamba nikakimbia mbio ndogo na farasi kwenye barabara ya murram, mume wangu akisimama kuangalia. Kamba ilegee, alisema, ukimbana kichwa unanifichia. Mguu wa mbele ukimuuma, farasi huinua kichwa anapoukanyagia, halafu hukishusha akikanyagia ule mzima. Ukiwa ni wa nyuma, angalia nyonga, upande mmoja unaruka kuliko mwingine. Bado una shaka, mzungushe. Mguu mbaya ukiwa upande wa ndani, kuficha kunamshinda.

Kulikuwa na farasi jike mwekundu ambaye bwana alitaka kumpanda Jumamosi kwenye mbio za wazungu Kitale. Jioni moja mume wangu alinikuta nimempitisha mtoni kwenye mawe. Hakuuliza. Mpini ulinipata nyonga ya kushoto, nikaanguka, ukanipata tena nikiwa chini, na mimba yangu ilikuwa imeanza kucheza.

"Huyu akilemaa," alisema, "nakuua wewe kabla bwana hajaniua mimi."

Niliona damu kwenye nguo. Sikumwambia mtu. Nilijua nikipigwa tena hivyo, mtoto hatabaki.

Senge alifika jioni hiyohiyo kutoka Kimilili na kikapu cha ndizi. Kwetu mtu haingii nyumba ya mkwe wake, wala hamwangalii usoni, basi alilala kwa jirani kambini. Asubuhi alikaa kando ya barabara, uso ameugeuza, sisi tukimkimbiza yule mwekundu. Nilijinyoosha. Niliuma meno nikakanyaga sawasawa.

"Nyuma, kushoto," mume wangu akasema. "Kidogo sana. Anaficha."

"Ni wawili wanaoficha," senge akasema.

"Huyo alidungwa na mwiba, mama."

"Si unasema mwenye shaka azungushe? Basi mzungushe na huyu."

Akanitwika debe la maji, limejaa, akaniambia nizunguke rundo la nyasi. Nilizunguka kuelekea kulia, hakuna kilichomwagika. Nikageuka kuelekea kushoto, maji yakaruka kila nikikanyaga, nguo ikalowa mpaka kiunoni.

"Damu iko?" akaniuliza.

"Iko, senge."

Mume wangu alinijia mbio, mkono juu, ati ninyamaze. Senge hakuwa amemwangalia usoni tangu siku ng'ombe wa mahari walipoletwa. Siku hiyo alimwangalia. Aliuchukua mpini uleule ukutani mwa zizi, akampiga nao kwenye goti. Nilisikia mfupa. Alipoanguka, akampiga makalioni, juu ya vidonda vya kiboko ambavyo havijapona.

"Wewe sasa hata kipofu atakuona," akamwambia.

"Ng'ombe zangu mtarudisha," mume wangu akasema kutoka pale chini.

"Zifuate, mkwe. Kwa mguu huo."

Debe tuliliacha hapo hapo. Hatukuwa tumefika mbali nilipomsikia bwana akiuliza farasi wake ana nini, kisha nikasikia kiboko. Senge hakugeuka. Mimi niligeuka. Walikuwa hawajamwinua hata, alichapwa akiwa amelala vilevile alivyoanguka, na yule mwekundu amesimama karibu, mguu wa nyuma ameupumzisha kwenye ncha ya ukwato.

Tulitembea kando ya mlima mpaka Kimilili, tukipumzika kila damu ilipozidi. Mtoto hakutoka. Alizaliwa wakati wa kuvuna, msichana. Alipoanza kutembea, wengine walimpigia makofi kwa mbele. Mimi nilichuchumaa nyuma yake, nikamwangalia nyonga.