Mbao za Nyumba ya Marehemu

Mimi nyumba ya mbao naikadiria kwa macho. Shule niliiacha mapema na sijawahi kuililia. Kutoka Kapsokwony mpaka Mabanga ziko nyumba nilizozihesabu nikiwa nimesimama barabarani, na hakuna mwenye nyumba aliyerudi dukani kuongeza hata ubao mmoja. Watu wenye vyeti vyao hunipigia simu. Lakini hesabu iliyonikalia moyoni ni ile ya wiki aliyofariki ndugu yangu mdogo, huko Kitale.

Ndugu yangu aliishi Kitale utu uzima wake wote, katika nyumba ya kupanga, yeye na mke na watoto. Nyumbani kwetu Bokoli hakuwa amechimba hata msingi. Kila Krismasi alikuwa ananitania, “Wewe fundi wa watu, yangu utajenga lini?” Nami namjibu, “Siku utaleta mbao, bana.” Tunacheka, anarudi Kitale.

Kwetu mwanaume mwenye mke haletwi bomani kama hana nyumba. Akitoka mochari lazima apite mlango wake mwenyewe, alale ndani, ndipo azikwe. Ambaye hakujenga hujengewa haraka haraka. Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa boma sasa, alinipigia simu.

“Piga chumba kimoja tu,” akasema. “Ni ya usiku mmoja. Matanga yakiisha tutabomoa.”

Nikaenda yadi ya mbao Kitale na hesabu yangu kichwani. Unapima kuta kuzunguka, unagawanya kwa upana wa ubao, kwa sababu mbao zinasimama wima. Mlango na dirisha mimi siondoi. Unachookoa hapo kitaliwa na ncha zilizopasuka. Pembetatu mbili za chini ya paa ukizilaza pamoja unapata kaukuta kamoja. Halafu kila mahali mbao mbili zinapokutana unaweka kifuniko, yaani ubao mwembamba wa kuziba ufa. Hapo ndipo wengi huanguka. Wananunua mbao pana wanajipongeza, wanasahau kila ufa unadai kifuniko chake.

Mbao zilikuwa tayari zinapakiwa kwenye lori mke wa marehemu alipofika, leso begani. Aliangalia ule mzigo.

“Shemeji, hiyo ni nyumba ya nani?”

“Ya bwana yako.”

“Na yeye akishatoka? Mwenye nyumba ameshaniuliza nitahama lini. Mimi na watoto tutaingia wapi?”

Nilikuwa nimehesabu nyumba ya mtu ambaye hatageuka tena usingizini. Fundi yeyote wa kwetu angehesabu vile vile, maana ndivyo nyumba hizo hujengwa. Lakini mimi si fundi yeyote. Nikamwambia dereva azime gari.

Nikairefusha nyumba palepale kichwani, vyumba viwili zaidi. Ukirefusha nyumba, kuta za mwisho hazizidi wala zile pembetatu za paa. Unaongeza mbele na nyuma na kuta za kugawa vyumba, na vifuniko vyake. Mzee wa Kisikh mwenye yadi alinisikiliza huku akitikisa kichwa.

“Fundi, si wewe ulisema macho yako haikosei?”

“Haijakosea, mzee. Ni nyumba imekua.”

“Basi kavu zimeisha. Imebaki mbichi, na hiyo itanywea.”

“Najua itanywea. Pakia.”

Huko Bokoli, mbao kavu nikaziweka chumba cha mbele, kila ufa na kifuniko chake. Zile mbichi nikazisimamisha vyumba vya nyuma, misumari katikati ya ubao tu, ili ukijikunja usipasuke. Vifuniko vyake sikupiga. Ubao mbichi ukiufunika mapema unakivuta kifuniko chenyewe.

Baba mdogo alizunguka ile nyumba mikono nyuma.

“Nilisema usiku mmoja.”

“Usiku mmoja ni hapo mbele, Baba. Huko nyuma ni kwa mke na watoto.”

“Huyo ni mtu wa mjini. Mvua ya kwanza itamrudisha Kitale, utaona.” Akainama, akachungulia kwenye ufa. “Na hapa ati ni ukuta?”

Ndugu yangu aliingia kupitia mlango wake, akalala katika chumba kisicho na ufa hata mmoja. Nilisimama pale nikipapasa vifuniko kwa kidole, nikitafuta kosa. Halikuwepo. Asubuhi ya mazishi nilipita vyumba vya nyuma nikakuta jua limeingia kwa mistari juu ya blanketi za watoto. Shemeji alikuwa anatundika leso ukutani, anaziba upepo.

Matanga yakaisha. Hakuna aliyebomoa, lakini baba mdogo bado alikuwa anangoja mvua. Nilirudi mbao zilipokuwa zimekauka na nyufa zimefika mwisho wake. Nilipopanda ngazi na vifuniko, baba mdogo alitoka kwake bila kuitwa, akaishika chini. Tulifanya kazi mpaka ufa wa mwisho. Vilibaki vifuniko viwili.

Baba mdogo akaviokota. “Hivi vitanitosha mlango wa kuku.”

Shemeji alitokea mlangoni, unga mikononi. “Viache, Baba. Hivyo ni rafu ya vyombo vyangu.”

Mzee alimwangalia, akavisimamisha taratibu ukutani, akanigeukia kuuliza kama misumari ilibaki.