Bi Rula na Mchumba Wake wa Mbao

Saa mbili asubuhi, Bi Rula anamtafuta mchumba wake chini ya meza.

"Mchumba! We mchumba, jitokeze, tuna kazi!" anafoka, nusu ya mwili wake ikiwa imezama kwenye vumbi la mbao.

Mteja wake, mwalimu mstaafu aliyeketi kwenye stuli karibu na mlango wa karakana, anaukumbatia mkoba wake na kutazama pembeni kwa adabu zote. Si vizuri kuingilia mambo ya watu.

Kisha Bi Rula anaibuka, kikohozi juu, ameshika kipande cha mbao kirefu chenye upana wa kiganja. Anakipuliza vumbi. Anakibusu.

"Huyu ndiye?" mwalimu anauliza.

"Ndiye, Mwalimu. Hanywi, hachelewi, wala hanidanganyi."

Wasomaji wasicheke mapema. Kipande hicho ndicho kinachompa fundi huyu seremala heshima mtaa mzima. Upana wake ni sawasawa na umbali kutoka ukingo wa kitako cha msumeno wake wa umeme hadi kwenye meno. Bi Rula huweka ubavu mmoja wa Mchumba kwenye mstari wa penseli, kisha hubana bao refu lililonyooka kwenye ubavu wa pili na kumwondoa Mchumba. Msumeno ukitambaa kwa kuegemea bao hilo, meno hupita kandokando ya mstari. Mstari unabaki mzima.

"Mstari lazima uishi," anasema. "Meno yakiula, umeshapunguza kipimo. Mbao haina samahani."

Leo mstari huo umechorwa kwenye mlango wa mbao ngumu alioutengeneza marehemu baba yake mwalimu. Mwalimu amehamia nyumba mpya ng'ambo ya barabara, na mlango umezidi kimo kwa vidole viwili.

"Mafundi wawili waliutazama wakasema ninunue mwingine," anasema mwalimu. "Mwingine wa nini? Huu ndio alioushika baba. Ukiharibika, basi tena."

Kuna mtu wa pili anayeutolea macho mlango huo. Ni kaka yake Bi Rula, mwenye karakana kwa mujibu wa kibao cha nje, mtu anayekata kila kitu kwa jicho. Jicho hilo limeshazalisha meza kadhaa zinazocheza na kitanda kimoja kilichoelekea dirishani chenyewe. Ni yeye aliyempachika mdogo wake jina la Bi Rula, akidhani anamtukana.

"Ukiukata huu ukaingia bila kuguswa tena," ametangaza mbele ya majirani, "jina lako linapanda kwenye kibao. Ukikosea, utapiga msasa mpaka uzeeke."

"Majirani mmesikia?" Bi Rula akauliza. Majirani, ambao hawakuwa na kazi nyingine asubuhi ile, walisikia vizuri sana.

Basi anaanza. Anafunga kitambaa kichwani, anakunja mikono ya shati, anavaa miwani ya kukinga macho. Waya wa umeme bado umechomolewa. "Sipimi mdomo wa mamba akiwa macho," anaeleza, akishusha meno mpaka yazidi unene wa mlango kidogo tu, kiasi cha jino moja. Anajaribu pia kinga ya meno kama inarudi yenyewe. Inarudi.

Mlango umelazwa juu ya mbao nne, mbili kila upande wa mstari, ili kipande kitakachokatika kisining'inie na kubana meno.

"Msumeno ukibanwa unarudi nyuma kwa teke la punda," anasema. "Ndiyo maana nasimama pembeni yake. Muulize kaka habari za kidole gumba."

Kaka anaficha mkono mfukoni.

Watu wamejaa. Mwalimu amesimama. Lakini Bi Rula hagusi mlango. Anachukua ubao chakavu, anachora mstari, anamweka Mchumba, anabana, anachomeka umeme, anakata.

Anainama kutazama.

Mstari haupo! Umeliwa wote, kama haukuchorwa.

"Mchumba kanidanganya," ananong'ona. Kisha anageuka polepole. "Kaka. Nani amegusa mashine yangu?"

"Mimi nimefanya wema tu," kaka anajitetea. "Jana jioni meno yalikuwa butu, nikakufungia mapya. Mazuri, manene!"

"Manene! Manene yanakula zaidi, kaka yangu! Ulimbadilisha bibi harusi hukumwambia bwana harusi!"

Mwalimu anakaa tena. Majirani wanasema waahirishe. Bi Rula hasikii. Macho yanawaka kwa furaha, kama mtu aliyemkamata mwizi wa kuku. Anabana bao la mwongozo mezani, anasukuma ubao mwembamba mpaka uguse ubavu wake, anapitisha msumeno. Kipande kilichobaki kati ya bao na meno anakiinua juu.

"Nimeolewa upya!" anapiga kelele. "Vigelegele viko wapi?"

Vinapigwa. Anajaribu kwenye ubao chakavu tena: mstari unaishi.

Sasa mlango. Anaukwaruza mstari kwa kisu ili nyuzi za mbao zisichanike, anambandika Mchumba mpya, anabana, anapima ncha zote mbili. Mikono miwili kwenye mashine. Anaiwasha kabla meno hayajagusa mbao, anaiacha ivume mpaka ikolee, kisha anasogea. Hasukumi kwa nguvu, hasimami katikati. Vumbi linaruka, mwalimu amefumba macho, kaka ameacha kutafuna.

Tap! Kipande kinaanguka. Bi Rula anaachia swichi na kusubiri meno yatulie kabisa ndipo anainua mashine.

Mstari upo. Mwembamba, mweusi, mzima.

Mlango unavushwa barabara kwa mabega ya majirani, unafungwa bawaba, unasukumwa. *Kop.* Mwalimu anaufungua, anaufunga, anaufungua tena, kisha anauegemezea kipaji cha uso.

"Baba amefika," anasema.

Kaka, mtu wa ahadi zake, alikata ubao wa kibao kipya mchana huohuo. Kwa jicho. Rangi ilipokauka, karakana ilijulikana rasmi kama "BI RULA NA KAK".

"Nafasi imeisha," kaka alilalamika.

Bi Rula hataki kirekebishwe. Anapanga kuanza kufundisha kukata kwa msumeno wa umeme kila Jumamosi, kwa yeyote anayependa vidole vyake.

"Mwanafunzi wa kwanza nimeshampata," anasema, akimtupia kaka miwani ya kukinga macho. "Akihitimu, nampa A yake."