Beberu wa Mbegu Haliwi

Mwanangu, nakumbuka siku moja nilifanya upumbavu ulionukia vizuri kuliko wote niliowahi kufanya. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, najiona bwana shamba, na shangazi yangu kule Singida akaniachia mbuzi wake alipokwenda msibani. Wakaja rafiki zangu wa shule. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nami nikataka kupona kwelikweli. Nikachinja beberu mkubwa kuliko wote.

Shangazi aliporudi aliiona ngozi imewambwa. Wala hakupiga kelele.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, shangazi."

"Vizuri. Umekula na wajukuu wake."

Mama yake beberu yule ndiye pekee aliyekamulika hata kiangazi, wenzake wakiwa wamekauka. Miaka na miaka shangazi alichagua, huyu wa kupanda, huyu wa mchuzi, mpaka akampata dume mmoja wa kuibeba mbegu hiyo. Wengine kijijini walichinja wakubwa wakabakiza vidude, halafu wakamwita yeye mchoyo.

Bahati nzuri, jike mmoja alikuwa ameshapandwa na beberu yule. Yule mbuzi nilimlinda kuliko nilivyowahi kulinda daftari la hesabu, hadi akazaa kidume. Shangazi akaninyooshea kidole: "Huyu ukimtazama tu kwa jicho la mchuzi, nakuchinja wewe."

Juzi nilikuwa kwenye kochi langu hapa Thornton Heath, huku kwa Waingereza, maana kochini ndipo kazi zangu zote hufanyika. Kwenye televisheni wakawa wanawasifu wakulima wa kale wa nchi hii: kondoo dume aliye bora hawakumla, walimpandisha, na majirani zao nao waliwacheka. Nikacheka peke yangu. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Nawe, mwanangu, kutwa kazini unawagawia watu cheko lako na maneno yako matamu; ukirudi nyumbani, watoto wanapata miguno. Halafu unashangaa ukiwaita kwa Kiswahili wanaitika kwa Kiingereza! Kilicho bora usikimalize chote kwa wageni. Bakiza cha nyumbani, kiwe mbegu. Mungu akujalie kizazi kitakachokupita kwa kila kitu, na mimi wanipite kwa yote isipokuwa usingizi.

Nilimsomea maneno haya jirani yangu Mama Furaha, mwenyeji wa Bukavu, aliyekuja kuazima sufuria. Akanitazama pale kochini, toka utosini hadi kwenye soksi, akasema: "Sasa naelewa, papa. Kwenu wazuri wote mulikula, mukabakia nyinyi."