Mtoto wa Wajina Watano

Kazi yake ilikuwa kuandika kinyume ili watu wasome sawa. Alichonga mihuri ya mpira kwa kisu chembamba, kila herufi ikielekea nyuma, na muhuri ukishagusa wino na karatasi, jina la shule au la daktari lilitoka limenyooka. Kibanda chake kilitosha meza moja na kiti kimoja, na kilibanwa kati ya fundi viatu na ukuta wa posta. Mtaa mzima ulimwita Mihuri, na hata mkewe akikasirika alimwita hivyo hivyo.

Walipopata mtoto wa kike, Mihuri aligundua jambo ambalo hakuna aliyemwonya: kitu kisichofika hata urefu wa mto wa kitanda kinaweza kumaliza sabuni ya watu wanne. Mafuta, sabuni, maji ya moto, na mama yake naye ale vizuri maana anakula kwa midomo miwili. Kapu lililokuwa likienda sokoni mara moja kwa wiki sasa lilienda mara tatu.

Hilo lingevumilika. Shida ilikuwa likizo. Mkewe alifanya kazi kiwanda cha mikate, zamu ya alfajiri, mbele ya tanuri, na likizo yake ya uzazi ilikuwa miezi mitatu. Na mtoto alikataa chupa. Wakajaribu chupa ya shingo nene, ya shingo nyembamba, kijiko, kikombe. Mtoto alifunga mdomo kama shahidi aliyelipwa anyamaze. Msimamizi wa kiwanda akasema mama anaweza kuongezewa mwezi mmoja bila mshahara, mtoto azoee uji, lakini apewe jibu kabla likizo haijaisha. Mwezi bila mshahara. Nyumba nzima ililala na neno hilo na kuamka nalo.

"Niachieni kapu," alisema Mihuri. "Nyinyi hamjui kupatana bei. Mwezi huo nitaupata sokoni."

"Siku hizi wanauza na miezi?" aliuliza mama mkwe wake, ambaye alikuwa amekuja kumsaidia binti yake na alikuwa amejitwalia beseni la nepi tangu siku ya kwanza.

Wiki ile ya kwanza Mihuri alirudi na furushi la nepi za kutupa alizopata kwa nusu bei. Zilikuwa za nusu bei kwa sababu zilikuwa za mtoto anayekimbia. Mama mkwe aliinua moja mbele ya dirisha, akaitazama ndani na nje, kisha akauvisha mto wa kochi. Ikautosha. "Rahisi huvunja upishi, mwanangu," alisema, akarudi kwenye beseni lake la nepi za kitambaa. Wiki ya pili alileta ndoo ya sabuni ya unga isiyotoa povu hata kwa kubembelezwa. Ule mto ulikaa sebuleni na nepi yake siku nyingi, na kila mgeni alielezwa kisa chake.

Dawa aliipata bila kuitafuta. Asubuhi moja mkewe alikuwa amelala, mama mkwe yuko kwenye beseni, basi Mihuri akajifunga mtoto kifuani kwa kitenge akaenda naye sokoni. Muuza nyanya, mwanamke mnene mwenye kioo kidogo ambacho alikitazama kila baada ya mteja ili kunyoosha kilemba chake, aliacha kupima.

"Baba, hebu nimwone. Anaitwa nani huyu?"

Kwa kweli mtoto hakuwa na jina. Wazazi wake walikuwa wameshindana kwa wiki tatu, wakachoka, wakasema tutaona. Lakini jicho la mchonga mihuri huona maandishi kabla ya kuona mtu, na kigoda cha yule mama kilikuwa kimeandikwa jina kwa rangi nyekundu, ili jirani asikiazime kwa bahati mbaya. Mihuri alilisoma, na kabla akili haijamkataza, mdomo ukalitamka.

Muuza nyanya akaweka mkono kifuani. "Wajina wangu?"

"Ndiye."

"Sikujua kama bado kuna watu wanaita jina hili." Akaongeza nyanya nne juu ya fungu, akapunguza bei bila kuombwa, akamwambia mtoto, "Usikubali wakuite kwa kifupi, mwanangu. Mimi walinifupisha nikabaki hivyo hivyo."

Mihuri alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyeokota ufunguo na anajua ni wa mlango gani. Alhamisi mtoto akawa wajina wa muuza mayai, ambaye jina lake Mihuri alilipata kwa kusikiliza ugomvi wake na jirani. Jumamosi akawa wajina wa mwenye duka la sabuni, bibi mmoja mkavu ambaye jina lake lilining'inia ukutani kwenye leseni. Kwa muuza nyama alisita kidogo, maana muuza nyama alikuwa mwanamume mwenye masharubu. Lakini Mwenyezi Mungu alikuwa amempa yule bwana jina moja kati ya yale yanayovaa suruali na gauni pia.

"Wa kike, na umempa jina langu?" alisema muuza nyama, kisu kikiwa hewani.

"Nilitaka awe na nguvu."

Muuza nyama alikata kipande, akakitazama, akakata kingine kisicho na mfupa.

Kila alichopunguziwa Mihuri alikitia kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Kopo lilipoanza kuwa zito akajiona bingwa. Ila biashara yake ilikuwa na sharti moja: jina likishaandikwa, limekwisha kazi. Basi mkewe alipomwambia twende tukamwandikishe mtoto, yeye alisema subiri kidogo. Wiki iliyofuata tena, subiri kidogo.

"Mtoto ataolewa akiitwa Subiri Kidogo," alisema mkewe.

Alikuwa amefanya kosa jingine ambalo hakulitia hata hesabuni. Mwezi wa kwanza ulipoisha, mama mkwe alikunja nguo zake akasema sasa anarudi kwake, miguu imechoka na beseni limemfahamu vya kutosha. Mihuri aliona gharama ya msaidizi ikimjia mbio. Akamvuta pembeni, akamnong'oneza kwamba jina la mtoto lilikuwa bado siri, lakini yeye, mama, ajue tu kwamba anaondoka anamwacha wajina wake. Mama mkwe alikunjua nguo zake, akarudi kwenye beseni, na tangu siku ile alianza kumwimbia mtoto kwa sauti aliyokuwa haitumii kwa watu wengine.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Mihuri ilikatika siku ya Jumanne, wiki moja kabla likizo haijaisha. Shule moja ilitaka mihuri thelathini kabla ya mitihani, naye hakuweza kutoka kibandani. Mkewe akamfunga mtoto kifuani, akachukua kapu, akaenda sokoni mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu ajifungue.

Hakufika mbali. "Huyo wajina wangu," aliita muuza nyanya, akamwita mtoto kwa jina lililoandikwa kwenye kigoda. Hatua kumi mbele, muuza mayai akamwita jina lingine. Kwenye duka la sabuni, lingine. Muuza nyama aliweka kisu chini, akafuta mikono, akamwita mtoto jina lake mwenyewe kwa sauti nzito, na mtoto, ambaye hakuwa na ubaguzi, akamchekea.

Mama yule hakubadilika uso. Alishukuru, alinunua, alipunguziwa, na kwa kila mmoja alisema maneno yale yale kwa upole ule ule.

Mihuri aliporudi jioni alimkuta anamenya viazi.

"Nimewakaribisha chai Jumapili," alisema.

"Kina nani?"

"Wajina."

Mihuri alichukua kisu cha pili, akaanza kumenya naye. "Wote?"

"Ningemwacha nani? Wote ni watu wa karibu."

Jumapili walikuja. Muuza nyanya alikuja na kilemba kipya, muuza mayai na mayai sita kwenye bakuli, mwenye duka la sabuni na uso wake. Muuza nyama alibisha hodi mara tatu ingawa mlango ulikuwa wazi. Waliketi mstari mmoja kwenye benchi, na ule mto wenye nepi mbele yao. Mihuri alihudumia chai kama mtu anayezima moto: kila aliyefungua kinywa kuzungumza alijaziwa kikombe. Mama mkwe aliketi pembeni na mtoto mapajani.

"Baba," alisema muuza nyanya alipokunywa cha tatu, "keti. Utatuua kwa chai."

Akaketi.

"Sasa mwite mtoto, tusikie."

Mihuri alitazama nyuso nne, akamtazama mkewe, ambaye alikuwa anatazama dirisha. "Hana jina," alisema. "Niliwadanganya. Nilitaka mama yake apate mwezi mmoja zaidi nyumbani. Mtoto hataki chupa."

Muuza mayai ndiye aliyeanza kucheka, akafunika mdomo na upande wa kanga.

"Mihuri," alisema muuza nyanya, "sisi tunakaa meza kwa meza kuanzia asubuhi mpaka jioni. Unadhani tunazungumza nini? Siku ya tatu tulishajua. Ulituvisha vilemba vya ukoka, tukavivaa kwa sababu mtoto ni mzuri."

"Kupunguza nilipunguza kweli," alisema muuza nyama. "Ila nilikuwa naanzia juu kidogo."

"Mimi sikuanzia juu," alisema mwenye duka la sabuni. "Mimi nilijua tangu siku ya kwanza. Niliona macho yako yakipanda kwenye leseni."

Hapo watu wote walicheka, na Mihuri alicheka kwa sauti kuliko wote, kama mtu aliyeachiwa na polisi. Alikuwa bado anacheka alipomsikia mama mkwe.

"Na mimi je?"

Alikuwa amemlaza mtoto kwenye kochi, kando ya ule mto, na alikuwa amesimama. "Mimi sina meza sokoni. Nani aliniambia nina wajina hapa, nikakunjua nguo zangu?"

Hakuna aliyecheka. Mama mkwe aliingia chumbani, na kupitia pazia walisikia begi likivutwa kutoka chini ya kitanda. Akiondoka yeye, kopo la maziwa lingekwenda lote kwa msaidizi, na mwezi ungeondoka na begi hilo.

"Mama," alisema mkewe, bila kuinuka, "ukishafungua begi, nitolee na bahasha iliyo chini ya mashuka. Ya kahawia."

Mama mkwe alitoka na begi mkono mmoja na bahasha mkono wa pili. Binti yake akamwambia aifungue. Ndani kulikuwa na cheti cha kuzaliwa, chenye muhuri wa ofisi, wino wake umekauka siku nyingi.

"Nilichoka na subiri kidogo," alisema mkewe. "Nilimwandikisha siku niliyompeleka chanjo."

Mihuri alinyoosha shingo. Kwa mazoea aliutazama muhuri kwanza, akaona herufi moja imelegea, kazi ya mtu mwingine. Kisha akasoma jina. Lilikuwa la mama mkwe, herufi kwa herufi.

"Umedanganya watu watano," alisema mkewe, "na kwa mmoja umesema kweli kwa kukosea."

Mama mkwe alilisoma lile jina kwa kidole, akarudia. "Wameandika vibaya hapa mwisho," alisema, ingawa waliandika sawa. Kisha akaliweka begi chini, nyuma ya mlango, lakini si chini ya kitanda, ili mkwewe aendelee kuliona.

"Na msimamizi?" aliuliza Mihuri kwa sauti ndogo.

"Nilimjibu Ijumaa. Nilipima lile kopo mkononi, nikaona linatosha, kama bei hazitapanda."

Macho yote yakageukia benchi. Wale wanne walishauriana kwa nyusi. Muuza nyanya ndiye aliyetoa hukumu: mwezi huo mmoja, bei ya wajina. Ukiisha, Mihuri atawachongea muhuri bila malipo, wa kupiga kwenye vibao vyao vya bei, mwenye masikio na asome. Uandikwe BEI NI MOJA.

"Herufi kubwa," alisema mwenye duka la sabuni.

Mwezi ulipita. Mtoto alikubali uji siku ya ishirini na nane, akiwa amechafua kila mtu. Mama yake akarudi kwenye tanuri, na Mihuri akapeleka muhuri sokoni, akauacha kwa muuza nyanya, akaondoka haraka.

Siku ya pili alirudi na kapu, mtoto kifuani. Kila kibao katika mstari ule kilikuwa kimepigwa muhuri, wino mzuri mweusi, na kila kimoja kilisema AJOM IN IEB, kila herufi imegeuza uso wake upande wa pili. Mara moja katika maisha yake ya kazi alikuwa ameandika sawa juu ya mpira.

"Nipunguzie kidogo, mama," alisema.

"Huoni kibao?"

"Nakiona. Lugha hiyo sijaisoma."

Muuza nyanya alichagua nyanya mbili nzuri, akaziweka kapuni. "Hizi za wajina wa bibi yake," alisema. Kisha akachukua kile kioo chake cha kilemba, akakisimamisha mbele ya kibao, akakigeuza kidogo ili mteja aone vizuri.

Mihuri alisoma, akalipa.