Walichoniuliza Kuhusu Mama

Mara ya kwanza walinikataa kwa upole, na kukataliwa kwa upole kunachosha kuliko kutukanwa. Nilikuwa nimeomba nafasi ya kusomea tiba ya nafsi, ile ambayo mgonjwa hujilaza kwenye kochi akasema lolote linalomjia na mtabibu akasikiliza. Chuo kiko ng'ambo, usaili ni wa mtandaoni. Waliniuliza habari za wazazi wangu, nami nikajibu kama mtu aliyepigiwa hodi asubuhi: wote hawajambo, tunamshukuru Mungu. Wakauliza tena. Nikaongeza kwamba hata majirani hawajambo. Baadaye wakaniandikia kuwa nilijibu vizuri, ila hawakuniona mimi ndani ya majibu yangu. Ningeweza kujaribu mara moja tu zaidi.

Wangenionaje? Tumelelewa kwamba ya nyumbani hayatoki nje. Mimi ni mshauri nasaha kwenye kituo kimoja cha afya huku Temeke. Kutwa nawabembeleza watu waseme yaliyo moyoni, jioni narudi Mbagala mdomo umefungwa kama duka saa ya swala ya Ijumaa. Na nilikuwa nimechoka. Nilichoka kumwambia mwanamke aliyevunjika kabisa "pole, jipe moyo," kwa sababu sikuwa na kingine cha kumpa. Bila mafunzo yale niliona nitasema hivyo hivyo mpaka nistaafu.

Mara ya pili nilifanyia usaili chumbani kwangu, alasiri. Nyumba yetu bado haina dari na kuta za vyumba zimeishia njiani; ukikohoa chumbani, wa sebuleni anakupa pole. Mama alikuwa sebuleni akichambua mchele. Sikuwa na wasiwasi. Usaili ulikuwa wa Kiingereza, na mama sijapata kumsikia akisema Kiingereza chochote zaidi ya bai-bai.

Mzee mmoja kwenye skrini akauliza nani alinilea. Nikasema bibi, kule Kimbiji, tangu nilipoachishwa ziwa. Ndiyo kawaida yetu, nikaeleza, mama akienda kutafuta riziki mtoto hubaki kwa bibi. Akanyamaza. Kwetu mtu akinyamaza vile ujue kuna msiba, nikaona aibu, nikaanza kuujaza ukimya wake. Nikasema mama alikuwa yaya Msasani, akilea watoto wa wageni wa kutoka ng'ambo. Nikasema siku alizoahidi kuja, bibi aliniogesha na kunipaka mafuta, nikakaa barazani mpaka giza likaingia na mama hakuja. Nikasema aliwahi kuniletea picha amembeba mtoto wa wale watu. Nilimchukia yule mtoto, na mama nilimchukia zaidi. Hayo sikuwa nimeyasema kwa lugha yoyote. Nikalia mbele yao, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Nilipotoka, mama alikuwa ameacha kuchambua. Ungo ulikuwa mapajani, mikono imetulia juu yake.

"Nimemaliza, mama."

"Pole," akasema. "Yule mtoto alikuwa mgonjwa. Ukimwacha na mwingine, hali chakula. Ndiyo maana nilikuwa siji."

Nikabaki nimesimama mlangoni. Miaka yote ile, watoto wa wageni aliwabembeleza kwa lugha gani? Mimi ninayelipwa kusikiliza watu sikuwahi kujiuliza. Nikaanza kumwambia kwamba yale ni mambo ya usaili tu, mtu husema hili na lile.

"Nimeelewa, mwanangu," akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Hatukuyazungumza tena. Tulikula pamoja, tukapeana chumvi, tukaulizana kama umeme utarudi. Niliumia, na nilijua naye ameumia, na hakuna aliyejua pa kuanzia.

Majibu yakaja. Nimekubaliwa; safari hii, waliandika, wameniona. Nilidhani nitapiga vigelegele, lakini nilijisikia kama mtu aliyetua gunia. Nikamfuata mama uani, alikokuwa akijikanda magoti kwa mafuta ya nazi.

"Mama, wamenichukua."

"Kwa yale uliyowaambia?"

Nilitamani kudanganya.

"Ndiyo, mama. Kwa yale."

Akaendelea kukanda goti bila kuniangalia.

"Basi kasome kwelikweli," akasema. "Usije ukawa umenianika bure."