Kipepeo Mbele, Mama Nyuma

Naanza na kosa langu, maana likikaa ndani linanichoma. Mimi ni mpiga picha. Nimepiga harusi na matanga kuanzia Malili hadi Nunguni, na hakuna bibi harusi aliyewahi kunilalamikia. Lakini wanavyosema, kinyozi hajinyoi.

Bwawa lilikuwa linakuja kujengwa, na boma la mama yangu lilikuwa limepigwa alama nyekundu ya kubomolewa. Tulipewa wiki moja tuhame. Dada yangu alikuwa amempatia mama kipande cha shamba ng'ambo, upande wa Kitui, mawe matupu. Mama hakulia. Aliniomba kitu kimoja tu: nimpige picha amesimama mlangoni pake, pale mama mkwe wake alipompokea akiwa msichana.

Basi wiki hiyo hiyo vipepeo wakaja. Weupe, wadogo, hawahesabiki, mvua ikiwa imetoka tu kunyesha, wakikatiza shamba kuelekea Kitui. Ngai! Nilipagawa. Nikajiambia hapa nimepata kazi ya maana: kupitia vipepeo hawa nitaonyesha watu wanavyong'olewa makwao. Nikawa nalala kifudifudi kwenye mbaazi tangu jua linapochomoza mpaka saa tano.

Kila asubuhi mama alivaa sare yake ya akina mama wa kanisa, akafunga kitambaa cheupe, akasimama mlangoni.

"Mwanangu, niko tayari."

"Ngoja kidogo, mwaitu. Hawa wanapita. Wewe si uko tu?"

Nilimwambia hivyo mama yangu, yeye ambaye ndiye aliyekuwa anaondolewa. Asubuhi tatu alivaa, na asubuhi tatu akavua akaenda kufunga vyombo. Aibu hiyo sijaimaliza mpaka leo.

Siku ya nne, wiki tuliyopewa ikiwa imeisha, tingatinga lilifika kabla ya chai. Tulikuwa tunabeba kitanda wakati ukuta wa jikoni ulipoanguka. Kamera ilikuwa ndani ya lori, chini ya magunia.

Picha za vipepeo zilisifiwa, wee! Watu wasionijua waliniandikia kwamba wamelia. Katika moja, kipepeo ametua kwenye ua la mbaazi, mishipa ya bawa lake inaonekana mmoja mmoja. Nyuma yake, mlangoni, kuna ukungu mweupe. Huyo ni mama. Nilikuwa nimelifungua tundu la lenzi kabisa ili kipepeo peke yake aonekane.

Niliipeleka Kitui. Mama akaishika mbali, kisha karibu.

"Huyu mdudu umemtoa vizuri," akasema. "Mimi niko wapi?"

Nikamwonyesha. Akapapasa ule ukungu kwa kidole. Nilishindwa kuvumilia. Nikatoa kamera, nikamsihi avae kitambaa chake, asimame hapo hapo kwenye mlango wa nyumba mpya.

"Hapana," akasema. "Ukinipiga hapa, siku nikifa picha hiyo ndiyo utakayoiweka mbele ya jeneza, na watu watadhani hapa ndipo kwangu."